Nesi aliyeomba kuona ngumi ya mwanangu

Naandika hii kwa mama wenzangu wenye watoto wa miaka miwili mpaka mitano, wale ambao chanjo ya miezi 18 ikishapita kadi ya kliniki inaingia kabatini na haitoki tena. Mimi yangu iliingia kwa sababu nyingine. Kijana wangu alikuwa na miaka mitatu, nesi akampandisha kwenye mzani akasema kwa sauti benchi zima linasikia, "mama, huyu unamlisha nini?" Watu wakacheka. Nikambeba mwanangu nikaondoka, sikurudi mwaka mzima, na mwaka huo ndo uzito ulipanda kwelikweli.

Bado inaniuma, ila naelewa macho ya kliniki zetu yako wapi. Takwimu za 2022 zinaonyesha watoto kama 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano hapa nchini wamedumaa, kwahiyo nesi kutwa anatafuta waliopungua, kibonge anaonekana hana shida. Na mtaani ndo kabisa, hapa Tabata mtoto akinenepa mama anasifiwa, "huyu ana afya", akipungua kidogo tu majirani wanaanza kuuliza kama nyumbani kuna amani.

Kilichonirudisha ni kukoroma. Usiku alikuwa anakoroma kama mzee, nikampeleka zahanati nyingine nikijua ni mafua. Nesi wa pale, mama mtu mzima, akampima, kilo 23, afu akamvua viatu akamsimamisha kwenye ubao wa urefu, sentimita 104. Akaniambia taratibu kwamba kwa urefu huo watoto wa kiume wengi wanacheza kwenye kilo 17 hivi, na kukoroma nako kunaweza kuhusiana, kwahiyo daktari atamwangalia. Akafunga mlango. "Haya mama, nisimulie jana tu, toka ameamka."

Nikasimulia. Chai ya maziwa sukari vijiko vitatu na maandazi mawili, juisi ya boksi kwenye basi la shule, uji shuleni, akirudi dada wa kazi anampa wali mbele ya katuni ndo atulie, jioni mia mbili ya dukani kwa Mangi, biskuti au aiskrimu, afu mimi nafika saa mbili usiku foleni ya Mandela imenimaliza, nina chipsi mkononi. Akauliza chipsi za nini kama ameshakula. Hapo nilinyamaza, maana zile chipsi zilikuwa za kumwomba msamaha kwamba sikuwepo kutwa nzima, na sikuwahi kulisema hilo hata kwa mume wangu.

Akaniambia nionyeshe kwa mikono wali wake unakuwa kiasi gani. Nikaonyesha. Akamwita mtoto, "baba, nipe ngumi yako", akaiweka katikati ya mikono yangu miwili. Kale kangumi kalipotea mle ndani. Akasema tuanzie na wali wa ukubwa wa ngumi hiyo, maharage na mchicha visogee vijaze sahani, akitaka tena aongezwe mboga kwanza.

Na hakuniambia nimpunguze kilo. Alisema mtoto wa umri huu hafungishwi njaa, mara nyingi lengo ni uzito usimame huku yeye anarefuka, urefu uje uukute. Ila mtoto akiwa mnene afu harefuki, huyo asisubiri, daktari amwone maana inaweza kuwa ni homoni.

Juisi ya boksi tukaitoa nyumba nzima, baba yake na soda zake akiwemo, kwasababu huwezi kumnyima mtoto kitu unachokunywa mbele yake. Sasa ni maji, na chungwa anakula lenyewe. Katuni mwisho saa moja kwa siku, ndo kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linataja kwa umri wake, na wakati wa kula TV inazimwa. Dada ndo alipata kazi kubwa jamani, wiki mbili za kwanza mtoto alilia mpaka majirani wakaja. Bibi yake naye akapiga simu toka Tanga, "mnamnyima mjukuu wangu?" Nikamwambia mama, hanyimwi, anakula na anashiba, nikampigia picha kadi nikamtumia. Chipsi zangu za usiku nimezibadilisha na kumwogesha, nikifika mapema tunacheza na maji mpaka bafu zima linalowa.

Miezi saba imepita, ana kilo 23 na nusu kasoro kidogo, urefu 108. Bado yuko juu, nesi hakunificha, ila kukoroma kumepungua na ngazi anapanda bila kusimama katikati. Mwezi ujao tunarudi, na safari hii nimeomba ruhusa kazini ili twende na dada, maana kutwa nzima anayempakulia ni yeye na maswali ya nesi anayajibu vizuri kuliko mimi.