Mama baada ya tiba ya saratani ya utumbo mpana: sahani yake na matembezi yake hapa Moshi

Kwetu Uchagani mgonjwa aliyetoka hospitalini hupokewa kwa supu. Mama yangu alipomaliza tiba ya saratani ya utumbo mpana, yaani upasuaji na kisha dawa za kupitia mshipani, ndugu walimletea mtori (supu nzito ya ndizi na nyama), kisusio (supu yenye damu ya mbuzi) na nyama ya mbuzi, na kila aliyeingia alimsihi aketi, asishike hata ufagio. Ulikuwa upendo wa kweli, nami nauheshimu. Hata hivyo nimesadiki kwamba mtu aliyemaliza tiba hii anahitaji kutembezwa kuliko kukalishwa.

Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya utafiti uitwao CHALLENGE, uliowahusisha watu 889, wengi wao wa Kanada na Australia, ambao walikuwa wamefanyiwa upasuaji wa saratani hii na kumaliza dawa. Kundi moja lilipewa msimamizi wa mazoezi kwa miaka 3, na lingine likapewa maandishi ya ushauri tu. Baada ya miaka 8, takriban asilimia 90 ya waliosimamiwa walikuwa hai, ilhali katika kundi la pili walikuwa takriban asilimia 83. Kinachonigusa zaidi ni kwamba lengo la mazoezi yale lingeweza kutimizwa kwa kutembea kwa kasi dakika 45 hadi 60, mara 3 au 4 kwa wiki, jambo lisilohitaji fedha wala vifaa.

Mama alianzia getini hadi kwa jirani, akaongeza kidogo kidogo, mpaka akazimudu barabara zenye vivuli za mtaa wa Shanty Town hapa Moshi. Oksaliplatini, mojawapo ya zile dawa za mshipani, ilimwachia ganzi vidoleni, na baridi ya Juni na Julai ilimzidishia, kwa hiyo tulisubiri jua lichomoze, naye alivaa soksi na viatu vya kufunika, kwa sababu mguu wenye ganzi huumia bila mwenyewe kujua. Ndoo za maji na mikungu ya ndizi tulibeba sisi hadi daktari wa upasuaji aliporidhia, maana kovu la tumboni likibebeshwa mzigo mapema huweza kuleta ngiri.

Kuhusu chakula, mtori ulimfaa sana wiki za mwanzo, kwani ni laini na hauusumbui utumbo unaopona. Baadaye nyuzinyuzi zilirudi sahanini kwa zamu, chakula kimoja kipya kwa wakati mmoja: mchicha, mnafu, ugali wa dona, kisha kiburu (ndizi zilizopikwa pamoja na maharage) chenye maharage machache, pamoja na maji ya kutosha. Makande yanataka subira zaidi, hasa kwa aliyewekewa mfuko wa kupokea kinyesi nje ya tumbo, kwa kuwa punje za mahindi zisizotafunwa vizuri zinaweza kuziba njia. Nyama nyekundu hatukuifuta, bali tuliipunguza ili isizidi gramu 500 zilizopikwa kwa wiki. Soseji tuliziacha kabisa, kwani tangu 2015 Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani, limeziweka nyama za kusindikwa miongoni mwa visababishi vya saratani.

Gumu zaidi lilikuwa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Katika sherehe zetu kuikataa kata huonekana ni kujitenga, hivyo tuliwaeleza wajomba mapema kwamba pombe ya aina yoyote huongeza hatari ya saratani hii, nao wakakubali kumwandalia uji wa ulezi.