Kahawa ya Msituni Kafa

Kutoka Addis Ababa hadi Bonga, mji mkuu wa Kafa, ni kilomita kama 460, na ukishapita Jimma ni kona tupu, panda shuka. Ilikuwa Novemba, buni zimeiva. Mzee mwenyeji wetu alituingiza msituni, tukakanyaga matope na majani yaliyooza hadi mkalimani aliponigusa bega: tumeshafika, tuko katikati ya mibuni.

Ni mirefu, myembamba, imebeba haba. Aliyezoea mibuni ya shambani ataidharau. Juu yake imetanda miringaringa na miti nisiyoijua, mbega wakirukaruka. Huku kusini-magharibi mwa Ethiopia kahawa aina ya arabika huota yenyewe kivulini tangu zamani, na mwaka 2010 UNESCO iliitambua Kafa kuwa hifadhi ya bayosfia, yaani eneo ambamo mazingira hulindwa huku watu wakiendelea kuishi na kuyatumia. Anayepambana na chulebuni, ukungu unaoozesha buni mtini, anapaswa kupajua: ugonjwa huo ulipoingia Ethiopia mwaka 1971, watafiti walichagua mibuni stahimilivu kutoka maeneo haya haya.

Kivulini buni huiva polepole na punje hukomaa vizuri. Majani yanayodondoka ndiyo mbolea. Lakini mavuno ni madogo, mzee hakuficha. Ndiyo maana wengi hupunguza matawi na kufyeka chini ili mibuni ipate mwanga izae zaidi. Ukipita haraka utasema msitu upo. Upo, ila panga halichagui: likikata gugu linakata na mche wa mringaringa. Siku miti mikubwa ikianguka, hakuna ya kushika nafasi yake. Mimi sasa nikisikia mtu anasifia kahawa ya kivuli, nataka kwanza kuona palivyo chini, huko juu baadaye.

Mzee alichutama, akapangua nyasi kwa vidole, akanionyesha mche wa urefu wa shubiri umefungwa ukamba. Anayotaka ikue huifunga hivyo kabla vijana hawajaingia na mapanga. Kazi ya kuchosha kiuno, hasa kwenye mteremko ule.

Nikauliza kama mnunuzi humwongezea chochote kwa taabu hiyo. Mkalimani alicheka kabla ya kutafsiri. Hapana, mnunuzi anatazama wekundu wa buni tu. Kinacholipa ni asali: mizinga yake imetundikwa kwenye ile miti mikubwa, na ndiyo inayoziba pengo mwaka kahawa inapobeba vibaya.