Mama aliuliza kama imeiva

Krismasi yangu ya kwanza hapa Des Moines, Iowa, ilinikuta zamu ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee. Mfanyakazi mwenzangu, mama wa makamo mzaliwa wa hapahapa, aliniletea sahani ya nyama ya nguruwe ya kuokwa: vipande vinene, juu vimepakwa rojo jekundu la matunda linalong'aa. Nilimshukuru kwa moyo wote. Kisha nikaona katikati ya nyama kuna wekundu hafifu, nikaifunika tena. Asubuhi nilipofika nyumbani niliikatakata, nikaikaanga kwa kitunguu na ndimu mpaka ikakauka, ndipo nikaweza kuila.

Nimekulia Machame, Kilimanjaro, Tanzania. Kwetu kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, huchemshwa kwanza, kisha hukaangwa mpaka kingo zigeuke kahawia, na huliwa na ndizi za kukaanga, kachumbari na pilipili. Wekundu ndani ya nguruwe ni jambo ambalo hakuna mama angelivumilia mezani kwake. Mama yangu hakununua nyama kabla hajaigeuzageuza akitafuta vile vipunje vyeupe mithili ya mchele, ambavyo ni viluwiluwi vya tegu. Hakuwa mtu wa woga. Anayekula nyama yenye vipunje hivyo bila kuiva hupata tegu tumboni, na mayai ya tegu huyo yakiingia mwilini mwa mtu kwa uchafu wa mikono au maji, viluwiluwi vyake huweza kufika kwenye ubongo na kuleta kifafa. Kijijini tulijua nyumba zenye kifafa. Kwa hiyo nyama ilikaa motoni.

Nilichokuja kujifunza huku ni kwamba jicho si kipimo. Mwaka 2011 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilishusha kiwango cha joto inachopendekeza kwa kipande kizima cha nguruwe, kutoka nyuzi 71 za Selsiasi hadi 63, kisha nyama ipumzike angalau dakika tatu kabla ya kukatwa. Nyama ya kusaga imebaki 71. Hiyo ni nyama iliyokaguliwa, ya nguruwe waliofugwa bila kuzurura. Ukiwa nyumbani na nyama ya kuchinjiwa uani, fuata sheria ya mama yangu.

Mwaka huu nilitaka kuipika mwenyewe, na nikaipika. Nilinunua kipande cha mgongoni chenye mbavu zake, kilo mbili na nusu. Iowa ndilo jimbo linaloongoza Marekani kwa nguruwe, wamewazidi watu mara kadhaa, na nyama hii haikunisumbua kuipata. Usiku wa kuamkia Krismasi niliilaza kwenye maji ya chumvi, gramu 60 kwa kila lita, pamoja na vitunguu saumu vilivyopondwa. Asubuhi niliikausha kwa taulo za karatasi, nikachanja mafuta ya juu kama wavu, nikachomeka karafuu kwenye kila njia panda. Oveni nyuzi 165.

Rojo ndilo lililonipa raha. Kranberi ni tunda dogo jekundu, kali kwa uchachu, asili yake ni huku Amerika Kaskazini. Pakiti moja ya gramu 340 niliiweka kwenye sufuria na juisi ya machungwa mawili, kikombe cha sukari ya kahawia, tangawizi ya kukwaruza na kijiko cha haradali. Baada ya dakika chache matunda yanaanza kupasuka moja moja, unayasikia kabisa, na nyumba nzima inanukia. Nusu niliitenga kwenye bakuli kwa ajili ya mezani, brashi isiiguse. Nusu nyingine niliipaka katika nusu saa ya mwisho tu, mara tatu. Ukiipaka mapema sukari inaungua na nyama inakuwa chungu.

Kipimajoto kiliposoma 60 katikati, mbali na mfupa, niliitoa, nikaifunika, nikaiacha dakika 20. Joto lake lenyewe liliipandisha hadi 64.

Jirani yangu mmoja ni Mzanzibari, hali nguruwe, na bila yeye Krismasi yangu isingekuwa na watu. Kuku wake nilimpika siku iliyotangulia, kabla nguruwe hajaingia oveni, kwenye sinia jipya, na kisu chake nilikinunua siku hiyo. Kaka wa Bukavu wa ghorofa ya juu alikuja na pilipili yake ya kusaga. Ndizi nilikaanga mimi.

Saa saba mchana tulipokaa, Machame ilikuwa saa nne usiku na mama alikuwa bado macho. Nilimpigia kwa video.

"Imeiva?"

Nilimwonyesha kipimajoto. Hakukitazama.

"Sogeza simu karibu na hiyo nyama, mwanangu. Hiyo si damu?"

"Si damu, mama. Ni maji yake tu. Imeiva."

Alikaa kimya, akaniangalia nikikata, nikila kipande cha kwanza, nikitafuna.

"Na hayo matunda mekundu," akasema, "ukija utaniletea?"

Pakiti mbili za kranberi kavu ziko kwenye begi tangu Novemba.