Kumbukumbu ya mradi: kuanza kutembea na klabu, kutoka Coco hadi Ocean Road

Juni, mwanzoni

Mradi huu hauna vifaa vingi: raba, soksi, chupa ya maji na watu. Lengo nililojiwekea ni kwenda na klabu kwenye matembezi yao ya Pugu kabla mwaka haujaisha, yale ya kupanda na kushuka vilima kuelekea Kisarawe, na nirudi kwa miguu yangu badala ya kupakiwa kwenye gari linalobeba maji.

Mtu atauliza kwa nini klabu, wakati barabara ni bure. Nimeshatembea peke yangu huku kwetu Mwananyamala, Dar es Salaam. Saa 11 alfajiri kuna mbwa. Saa 1 asubuhi kuna bodaboda wanaokuja upande wowote wanaotaka, na pale ambapo ungetembea pana meza ya vitumbua, mtaro ulio wazi au gari la mtu limeegeshwa. Ukiwa mmoja, nusu ya akili inaishia kwenye kukwepa. Watu ishirini wenye fulana za rangi moja ndio wanaokwepwa. Hiyo ndiyo sababu yangu, na mpaka sasa sijaona nyingine inayoizidi.

Katibu aliniuliza jina, namba ya simu, kama nina presha au sukari, na saizi ya fulana. Kiingilio nikatuma kwa simu. Klabu ina mwenyekiti, katibu, mweka hazina na katiba ambayo sehemu ya misiba na wagonjwa ni ndefu kuliko sehemu ya kutembea. Ndivyo tulivyo. Wakutanishe Watanzania watano mara mbili, ya tatu watachagua mweka hazina.

Juni, raba

Nimeenda soko la mitumba la Karume. Muuzaji ananionyesha raba zinang'aa, zimesafishwa mpaka kamba. Lakini raba za mtumba hazichaguliwi kwa kung'aa. Ile soli ya kati, ya sponji, huzeeka hata kama kiatu kimekaa kabatini bila kuvaliwa. Nyingine unyevu unaila pole pole, siku moja inameguka yote. Kwa hiyo nabonyeza kwa kidole gumba ubavuni mwa kisigino: ikibonyea na kurudi, bado hai, ikitoa unga au mikunjo isiyorudi, naiacha. Kisha naikunja. Inatakiwa ipindike penye vidole, si katikati ya wayo.

"Bosi, unanunua kiatu au unampima mgonjwa?"

Nilichukua jozi moja ya kijivu, saizi moja zaidi ya yangu, maana miguu huvimba ukitembea kwenye joto. Bei tulielewana baada ya mimi kuondoka na kuitwa.

Juni, Jumamosi ya kwanza

Tunakutana ufukwe wa Coco saa 12 kamili, bado giza. Mwezi huu jua linachomoza karibu saa 12 na nusu, kwa hiyo linatukuta njiani. Anayeshika mkia wa msafara ni mwalimu mstaafu, mama mwenye kofia ya ukili na filimbi shingoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mgeni?"

"Ndiyo, leo ndiyo naanza."

"Basi kaa na mimi. Huku nyuma ndiko kwenye hadithi."

Nikadhani ni ukarimu tu. Akaniuliza kwetu wapi, nina ndugu wangapi, shamba la baba liko upande gani, nani analilima sasa. Mimi najibu. Tulipofika katikati ya Daraja la Tanzanite majibu yangu yakawa ya neno moja moja, naye bila kuniambia kitu akapuliza filimbi mara mbili. Huko mbele wakapunguza mwendo. Hicho ndicho kipimo chake, na wataalamu wa mazoezi wanacho hichohicho: mwendo wa wastani ni ule ambao unaweza kuongea lakini kuimba huwezi. Hakuna saa ya mkononi iliyonisaidia kama maswali ya yule mama.

Julai

Njia yetu ya kawaida ni hii: Coco, Daraja la Tanzanite, tunatokea Aga Khan, tunashika Barabara ya Barack Obama mpaka Hospitali ya Ocean Road, tunageuza. Daraja lilianza kutumika 2022, lina urefu wa kilomita moja na kidogo, na kwa mtembeaji sifa yake kubwa ni kwamba lina njia ya miguu pembeni. Hakuna anayekuuzia kitu, hakuna mtaro, hakuna kona.

Kuna upepo. Msimu huu wa kusi unakupiga usoni ukielekea mjini na kukusukuma mgongoni ukirudi, kwa hiyo nguvu zitumie kwa hesabu wakati wa kwenda. Maji yakiwa yamekupwa, harufu ya tope inapanda kutoka upande wa Salenda, ambako Msimbazi unaingia baharini. Wageni wanaziba pua. Wazoefu wanaendelea na mazungumzo ya Simba na Yanga.

Mwili: kigimbi kinauma siku ya pili, si siku yenyewe. Ugoko wa kulia unauma nikiburuza hatua ndefu, unatulia nikifupisha na kuongeza kasi ya miguu. Malengelenge kisigino cha kushoto. Soksi za pamba zikilowa jasho hazikauki, zinasugua. Nimehamia za nailoni nyembamba, na kabla ya kuvaa napaka mafuta ya mgando. Yamekoma.

Agosti

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa namna hii kwa wiki. Jumamosi peke yake haifikishi. Siku za kazi nashuka basi la mwendokasi kituo cha Mkwajuni badala ya kufika kituo cha Morocco, namalizia kwa miguu kando ya Kawawa. Njia pale ni pana, ingawa bodaboda nao wanajua kuwa ni pana.

Jumamosi ya pili ya mwezi barabara inajaa. Ndiyo ile iliyotangazwa mwishoni mwa 2016 kuwa siku ya mazoezi, Samia akiwa Makamu wa Rais. Vikundi vya joging vinatupita vinakimbia na kuimba, mmoja anatoa, wengine wanapokea, filimbi juu. Kile kipimo cha kutoweza kuimba hawajaambiwa. Mwalimu akawaangalia mpaka wakaishia kwenye kona, akasema, "Wale tutawakuta kwenye supu." Tukawakuta kwenye supu, chapati mbili mbili. Hesabu ya nani kachoma nini na karudisha nini siifanyi mimi.

Oktoba

Joto limerudi. Klabu imesogeza muda hadi saa 11 na nusu, maana ikifika saa 2 lami ya Ocean Road haina huruma. Wiki iliyopita mvua ya vuli ilitukuta darajani, hakuna pa kujificha, tukaendelea tu. Raba za Karume zimekaa siku mbili kukauka, nimezijaza magazeti. Soli bado inarudi nikibonyeza.

Nimehamia katikati ya msafara. Kuna kijana mgeni huko mkiani, na juzi nilimsikia Mwalimu akimuuliza shamba la baba yake liko upande gani.

Katibu ametuma orodha ya Pugu: nauli ya basi, maji, ndizi, chakula cha mchana. Mbele ya jina langu kaandika "nusu", kwa kuwa nimelipa nusu; iliyobaki naitoa mshahara ukiingia. Chini yake Mwalimu ameongeza: wapya wote waje na fimbo, njia ina tope.