Sindano Zilizonunuliwa na Sindano Zilizoteketezwa

Kenya haina upungufu wa sheria kuhusu taka za hospitali. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inamwekea anayekiuka masharti ya taka hatari faini isiyopungua shilingi milioni 1 au kifungo kisichopungua miaka 2, nazo Kanuni za Usimamizi wa Taka zinataka taka zitenganishwe pale pale zinapozalishwa, zisafirishwe na mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, na ziandamane na hati ya ufuatiliaji hadi zinakoteketezwa.

Wodini utaratibu huo unaonekana kwa macho: mfuko mweusi wa taka za kawaida, wa manjano wa taka zenye maambukizi, na kile kisanduku kigumu cha sindano, kinachofungwa kikifika robo tatu ili muuguzi asichomwe akishindilia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban asilimia 15 tu ya taka za vituo vya afya ndizo hatari, lakini zikichanganywa na nyingine, mfuko mzima huwa hatari.

Mambo huharibika nje ya lango. Katiba ya mwaka 2010 ilizikabidhi kaunti hospitali na zahanati za umma, isipokuwa hospitali za rufaa za kitaifa, na papo hapo ikazikabidhi uzoaji wa taka na majaa. Basi kaunti ndiyo mzalishaji wa taka, na ndiyo mwenye jaa. Tanuri la kuteketezea taka katika hospitali yake likiharibika, ni afisa gani wa afya ya umma wa kaunti atakayemshtaki mwajiri wake? Ndiyo maana naamini mashtaka haya lazima yabaki mikononi mwa NEMA. Jaa la Dandora, Nairobi, lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001 na likaendelea kupokea taka. Anayechakura humo kutafuta plastiki akichomwa na sindano iliyotumika, anaweza kuambukizwa homa ya ini au virusi vya Ukimwi.

Mkaguzi akishaiona leseni ukutani, kazi yake haijaisha. Aulize kituo kilinunua sindano ngapi mwaka huo, kisha alinganishe stakabadhi za manunuzi na uzito ulioandikwa katika hati za ufuatiliaji. Pengo likiwa kubwa, mwenye kituo aeleze zilikokwenda. Nazo kliniki ndogo za mitaani, ambazo haziwezi kumudu tanuri, zipelekewe gari la pamoja la kaunti kwa ada nafuu, kabla ya kuanza kutozwa faini.