Tulipanda Mwangwi kwenda Kyoto

Mashine ya tiketi katika stesheni ya Tokyo huonyesha viti kwa alama tatu. Duara maana yake vipo, pembetatu maana yake vimebaki vichache, msalaba maana yake vimekwisha. Jioni ya tarehe 1 Mei 2024 nilisimama mbele ya mashine hiyo, mama yangu nyuma yangu akiwa ameegemea nguzo kupumzisha goti, nikitafuta treni ya kwenda Kyoto asubuhi ya tarehe 3. Skrini ilijaa misalaba. Nikajaribu mchana, misalaba. Nikajaribu jioni, misalaba.

"Vipi, mwanangu?"

"Zimejaa, mama. Zile za haraka zote."

Hoteli ya Kyoto nilikuwa nimeilipia tangu Januari. Tiketi ya treni nikaiacha, kwa kuwa kila niliyemsikia akiisifu Japani alisema treni za mwendo kasi hupita kila baada ya dakika chache, unaingia unakaa. Ni kweli: saa zenye abiria wengi, Nozomi, ambayo ndiyo ya haraka kuliko zote kati ya Tokyo na Osaka, mwaka ule iliweza kuondoka hadi mara 12 kwa saa, kila moja ina mabehewa 16 na viti 1,323. Lakini hiyo ilikuwa Wiki ya Dhahabu. Kuna sikukuu tarehe 29 Aprili, kisha tatu zinafuatana tarehe 3, 4 na 5 Mei. Mwaka ule tarehe 5 iliangukia Jumapili, kwa hiyo Jumatatu nayo ikawa mapumziko. Siku nne mfululizo, Ijumaa hadi Jumatatu, na nchi nzima iko njiani.

Kuna jambo jingine ambalo sikulijua, na ningelijua nisingelala usingizi. Siku za kawaida mwaka ule Nozomi ilikuwa na mabehewa matatu ya mbele ambayo hayana namba za viti, anayewahi ndiye anayekaa. Tangu mwisho wa 2023, misimu ya sikukuu kubwa mabehewa hayo yanafutwa na treni nzima inakuwa ya waliokata viti mapema. Tiketi zenyewe hufunguliwa mwezi mmoja kabla ya safari, saa nne kamili asubuhi. Asiye na kiti anaruhusiwa kupanda, ila asimame pale mlangoni kati ya behewa na behewa, saa mbili na robo mpaka Kyoto. Mimi ningeweza. Mama yangu ana miaka 69 na goti lake la kushoto likisimama dakika 20 linaanza kuvimba. Tangu dakika ile nikaacha kuuliza njia ipi ni ya haraka. Nikawa nauliza ni ipi goti lile litaikubali.

Asubuhi iliyofuata nikaenda kutafuta gari la kukodi. Nilifikiri gari lingemfaa: anakunja mguu anavyotaka, tunasimama tunapotaka, na Wajapani huendesha upande wa kushoto, nilivyozoea. Kijana wa kaunta alipokea kibali changu cha kimataifa cha udereva kwa mikono miwili, akakifungua kurasa za kwanza, akaweka kidole kwenye mwaka: 1968. Akatikisa kichwa taratibu, akaniinamia kuomba radhi kana kwamba kosa ni lake. Japani inatambua vibali vilivyotolewa chini ya mkataba wa Geneva wa 1949. Changu kilitolewa chini ya ule wa Vienna wa 1968, na huo hauwasaidii kitu. Namwomba yeyote anayepanga kuendesha huko afungue kibali chake leo, autazame mwaka ulioandikwa kabla hajalipia gari wala hoteli ya mbali.

Nikiwa bado pale kaunta, kijana yule alinionyesha ramani ya barabara kwenye simu yake. Barabara kuu ya Tomei inayotoka Tokyo kuelekea magharibi ilikuwa imepakwa rangi nyekundu iliyokoza karibu na handaki la Yamato. Handaki hilo ni maarufu kwa foleni, na sababu yake ilinishangaza. Hakuna ajali wala taa. Barabara inashuka kidogo kisha inapanda kidogo, mpando ambao jicho halioni, na gari linapunguza mwendo bila dereva kujua. Wa nyuma anakanyaga breki kidogo, wa nyuma yake zaidi, mpaka kilomita kadhaa nyuma watu wamesimama kabisa. Siku yenye magari machache hakuna anayeona lolote. Siku ya sikukuu mpando ule unafunga barabara.

Basi la usiku niliondoa mapema. Linatoka Shinjuku, mtaa wa Tokyo, na kufika Kyoto kama baada ya saa nane, na kwa goti la mama saa nane za kukaa bila kunyoosha mguu ni mateso. Ndege nayo haifiki Kyoto, maana mji hauna uwanja wa ndege. Unatua Itami, karibu na Osaka, halafu unapanda basi la karibu saa nzima. Ukijumlisha kwenda uwanjani, kukaguliwa na kungoja mzigo, muda uleule umekwisha na umetembea mara tatu zaidi. Nilipiga pia hesabu ya pasi ya reli ya wageni. Ya siku saba ilipanda Oktoba 2023 kutoka yeni 29,650 hadi 50,000. Tiketi ya kawaida isiyo na namba ya kiti kutoka Tokyo hadi Kyoto ilikuwa yeni 13,320, kwenda na kurudi 26,640. Pasi haikutufaa.

Mama ndiye aliyeuliza swali lililotufungua. Tulikuwa tumekaa kitandani hotelini, karatasi zimetapakaa, akasema, "Treni zote ni Nozomi? Hakuna inayosimama vituoni?"

Ipo. Reli ile ina treni za aina tatu. Nozomi maana yake ni tumaini, Hikari ni nuru, na Kodama ni mwangwi. Kodama husimama kila kituo, vituo 14 kati ya Tokyo na Kyoto, na hutumia karibu saa nne kasorobo. Nauli ya asiyekata kiti ni ileile. Na mabehewa yake mengi hayana namba za viti hata kwenye sikukuu, kwa sababu anayeharakia Osaka haipandi.

"Basi tumaini likiwa limejaa, twende na mwangwi," mama akasema, akaanza kukunja nguo.

Sanduku kubwa tulilituma siku ileile kwa huduma ya kusafirisha mizigo, kutoka hoteli hadi hoteli. Wajapani wengi hufanya hivyo, na nawasifu sana. Kwenye treni zile mzigo ambao urefu, upana na kimo chake vikijumlishwa vinazidi sentimita 160 unahitaji kiti maalumu cha nyuma, ukikosea unatozwa yeni 1,000 za ziada. Lakini zaidi ya faini ni ile ngazi ya stesheni, una mama mkono mmoja na sanduku mkono wa pili.

Hoteli yetu ilikuwa Shinagawa, mtaa mwingine wa Tokyo, na shinkansen, yaani treni hizo za mwendo kasi, husimama hapohapo. Kwa hiyo ilimshangaza mama nilipomwamsha saa kumi na moja alfajiri turudi nyuma hadi stesheni ya Tokyo. Nilimweleza njiani: safari inaanzia Tokyo, na treni ikifika Shinagawa waliotangulia wameshakaa. Kabla ya saa kumi na mbili tulikuwa jukwaani. Sakafuni kumechorwa namba za mabehewa na mistari ya foleni, na watu walikuwa wameshapanga mstari, wawili wawili, kimya. Mbele yetu alikuwepo bibi mmoja mwenye kofia ya jua na begi la magurudumu. Alimtazama mama, akaitazama miguu yake, kisha akalilaza begi lake ubavu na kulipigapiga kwa kiganja. Mama akakaa juu ya begi la mtu asiyemjua, robo saa nzima, na wawili wale wakawa wanaangaliana na kutabasamu. Milango ilipofunguka bibi aliingia kwanza, akamwekea mama kiti cha dirishani upande wa kulia, herufi E. Nilikuwa nimesoma kwamba huo ndio upande wa mlima Fuji. Bibi yule hakuhitaji kusoma.

Watu walizidi kuingia Shinagawa, wakazidi Shin-Yokohama, wakasimama mpaka kwenye vijia. Mbele yetu baba mmoja alikanyaga kipedali kidogo chini ya viti, viti vitatu vikazunguka kwa pamoja vikawatazama vya nyuma, familia yake ikakaa uso kwa uso. Mama aliomba aone tena. Mtoto wao akamwonyesha pedali ilipo.

Odawara watu wengi walishuka, Atami wengine, na njia ya katikati ikaanza kuonekana. Kisha tukafika Shin-Fuji na treni ikasimama, ikaendelea kusimama. Kodama hupishwa pembeni ili zenye haraka zipite. Kwenye kioo cha mama, ng'ambo ya reli za katikati na mabomba marefu ya viwanda vya karatasi, Fuji ilikuwa imesimama nzima, mita 3,776, theluji imeshuka hadi mabegani. Hakuna wingu. Mama hakusema kitu. Aliweka kiganja kwenye kioo.

Hapo ikapita Nozomi. Huioni ikija. Behewa letu lilisukumwa ubavuni na upepo, chupa ya maji ikatikisika mezani, mstari mweupe ukaufuta mlima kwa muda wa pumzi moja, kisha mlima ukarudi palepale. Tuliyakosa mabehewa 16 yale juzi yake, na waliokuwemo waliupita mlima ule pasipo kusimama. Sisi tulipewa dakika tano nzima. Baadaye nikakumbuka kwamba reli hii ilipofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1964, Hikari, ya haraka kuliko zote wakati huo, ilitumia saa nne kutoka Tokyo hadi Shin-Osaka. Mwendo tuliouita wa polepole ndio uliowastaajabisha watu mwaka ule.

Kyoto nilikosea mara moja tu, na niliyafidia makosa hayo upesi. Mchana wa siku ya kwanza nilimpeleka mama kwenye kituo cha basi mbele ya stesheni ili twende hekalu la Kiyomizu. Foleni ilijikunja mara tatu. Basi la kwanza lilijaa kabla hatujasogea, la pili vilevile. Mabasi ya Kyoto unaingia mlango wa nyuma na kulipa ukishuka mlango wa mbele, sasa fikiria basi limebana na kila anayeshuka anapenya hadi kwa dereva huku akitafuta sarafu. Mama alinishika mkono. "Mwanangu, hii hapana." Tukarudi hotelini, akaweka barafu gotini, nami nikakaa na ramani.

Kuanzia hapo hatukupanda basi hata siku moja. Kwenda Fushimi Inari tulipanda treni ya reli ya Nara, vituo viwili, dakika tano, yeni 150, na lango la hekalu liko mbele ya stesheni. Kutoka huko tukachukua treni ya Keihan hadi Gion-Shijo, inayopita chini ya ardhi kando ya mto Kamo, wakati juu yetu magari yamesimama. Mama alikaa ukingoni mwa mto akichezesha miguu, mimi nikaenda kuliona hekalu la Yasaka lililo mwisho wa barabara ya Shijo.

Na Kiyomizu tulikwenda. Hekalu hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na saa kumi na moja na nusu teksi hupita kwenye njia zilezile ambazo saa nne zinakuwa hazipitiki. Dereva mzee alifungua mlango kwa swichi bila kushuka, mama akaruka kidogo, akacheka. Tulilipa zaidi ya nauli ya basi mara kadhaa na ndiyo fedha niliyoitoa kwa furaha kuliko zote za safari ile. Kwenye roshani ya mbao tulikuwa watu kama ishirini. Tulishuka mteremko polepole kwa miguu, na chini tukakutana na wa kwanza wa wale waliokuwa wakija kwa basi.

Hatukurudi Jumatatu tarehe 6, siku ambayo wote wanarudi Tokyo. Tulilipa usiku mmoja zaidi, tukaondoka Jumanne tarehe 7. Nozomi ilikuwa imerudisha mabehewa yake matatu, tukaingia bila foleni, mama dirishani tena upande ule wa E, ambao safari hii ulikuwa kushoto. Alisinzia kabla ya Nagoya.

Nilimwamsha tulipokaribia Shin-Fuji. Wingu lilikuwa limeufunika mlima wote. Treni ikaipita stesheni kwa kasi, na hapo pembeni, kwenye reli ya kupisha, Kodama ilikuwa imesimama. Nyuso za watu zilipita kwenye vioo vyake kama kurasa zinazofunuliwa haraka. Mama aliinua mkono kuwapungia, lakini walikuwa wameshabaki nyuma.