Mjomba na Ukuta wa Sigiriya

Mjomba hakutaka kusikia habari ya fukwe. Nilimwonyesha picha za Unawatuna na Mirissa kule Sri Lanka, minazi imeinamia maji, akanirudishia simu yangu. "Bahari ninayo Forodhani, tena bure. Nipeleke kwenye majengo." Ni fundi chokaa wa Mji Mkongwe tangu ujana wake, na alikuwa amekuja kunitembelea Muscat nilikokuwa nikifanya kazi. Likizo yangu ilikuwa imewadia, basi tukapanda ndege hadi Colombo.

Sigiriya tulifika asubuhi, kabla jua halijakaza. Mwamba umesimama peke yake katikati ya msitu, karibu mita 200 kwenda juu, kuta zake wima. Katika karne ya 5 mfalme Kashyapa alimuua baba yake, akatwaa kiti, kisha akajenga kasri huko kileleni akimhofia nduguye Moggallana aliyekimbilia India. Nduguye alirudi kweli na jeshi, na Kashyapa akafa. "Mwenye amani hajengi huku," alisema Mjomba huku akihema kwenye ngazi. Zipo kama 1,200. Vibao njiani vinakataza kelele, maana nyigu wametundika masega yao mwambani na hawana mzaha.

Katikati ya safari, ngazi ya chuma inayozunguka inakufikisha kwenye wanawake waliochorwa ubavuni mwa mwamba, maua mikononi, rangi bado zimo. Watalii wote wanajazana hapo. Mjomba aliwatazama kidogo, kwa adabu, akashuka.

Kilichomshika ni ukuta ulio chini yao. Ni wa matofali, umepigwa lipu ya chokaa na kusuguliwa mpaka, kwa mujibu wa simulizi, mfalme alikuwa akijiona humo akipita. Leo umegeuka rangi ya asali, lakini mwanga ukiupiga kwa upande bado una mng'aro. Mjomba aliusogelea, pua karibu iguse. Mlinzi akanyoosha kidole. Mjomba akafunga mikono mgongoni na kuendelea kutazama.

"Niru hii, mwanangu. Chokaa imelowekwa muda mrefu, ikapakwa nyembamba, ikasuguliwa kwa jiwe laini ingali mbichi. Hapa mtu hakuwa na haraka."

Juu ya niru hiyo wageni wa kale, wengi wao kati ya karne ya 8 na ya 10, walichonga mashairi kwa Kisinhala cha zamani. Senarat Paranavitana, bingwa wa mambo ya kale, aliyasoma na mwaka 1956 akachapisha 685. Wapo wanaolalamika humo kwamba warembo wa pale juu hawajibu neno. Mimi, mpenzi wa mashairi, nilitaka tukae hapo mpaka mchana. Mjomba alishangazwa na jambo jingine: herufi nyembamba kama unywele zimekaa miaka elfu na lipu haijabanduka. Akaanza kuwalaani wanaopiga saruji kwenye kuta za mawe na chokaa kwetu Zanzibar. Saruji inafungia unyevu ndani, ukuta unaoza na lipu inavimba na kuanguka. Hotuba hiyo naijua kwa moyo, lakini siku ile alikuwa na ushahidi mbele yake.

Tukielekea kileleni tulipita katikati ya makucha makubwa ya sanamu ya simba, ambayo kichwa chake kilianguka zamani, na huko juu tukaona misingi ya kasri na bwawa lililochimbwa kwenye jiwe. Dambulla, hekalu la mapango matano lenye sanamu ya Buddha aliyelala ya mita 14, nakumbuka zaidi jinsi jiwe la uani lilivyotuunguza nyayo baada ya kuvua viatu.

Tukamalizia Trincomalee. Hekalu la Kihindu la Koneswaram liko ukingoni mwa jabali, bahari chini kabisa. Mwaka 1622 Wareno walilibomoa la zamani, na mawe yake wakayatumia kujengea ngome. Lililopo sasa ni la karne ya 20. Dereva wetu alituhadithia hayo tukiwa ndani ya ngome hiyo, ambamo paa wenye madoa wanajitembelea ovyo kama ni kwao.

"Kwetu ni kinyume," Mjomba alimwambia, nami nikatafsiri. "Wareno walijenga kanisa, Waomani wakawafukuza, wakajenga ngome papo hapo. Kipande cha ukuta wa kanisa kimo ndani ya Ngome Kongwe mpaka leo."

Dereva akacheka, akasema basi ninyi mmetulipizia.

"Mwambie ukuta wao naujua vizuri," alisema Mjomba. "Washenzi wale, lakini chokaa walijua kuichoma."